Vivuli vya Bordighera

Wiki ya pili sasa Chicago haijaona jua. Leo nimeingia Art Institute, jumba la makumbusho ya sanaa, hasa kukimbia baridi, nikaishia kusimama karibu saa nzima mbele ya picha moja.

Inaitwa Bordighera. Mchoraji Mfaransa Claude Monet aliichora mwaka 1884 katika mji mdogo wa pwani ya Italia, karibu na mpaka wa Ufaransa. Ukiitazama harakaharaka utadhani amechora miti tu: misonobari imepindana mbele yako, shina limeegemea shina, na mji unauchungulia huko chini kwenye mianya. Kuta nyeupe, kuta za rangi ya asali, kisha bahari, buluu iliyokolea mpaka unaisikia kooni.

Mimi nilikazia macho vivuli. Nilitafuta cheusi, sikukiona. Chini ya miti kuna zambarau, kijani, buluu, na mistari ya waridi pale jua lilipopenya. Brashi imepita fupifupi, rangi zimelala ubavu kwa ubavu bila kukorogwa zikawa tope.

Na haikumjia kirahisi. Monet alikulia Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa, kwenye bahari ya mawingu na ukungu. Desemba 1883 alizunguka pwani ya kusini, ya Ufaransa na Italia, na rafiki yake Renoir, mchoraji mwenzake; Januari akarudi huko peke yake, akamwomba Durand-Ruel, aliyekuwa akiuza picha zake, asimwambie mtu juu ya safari hiyo. Alipanga kukaa wiki tatu, akakaa karibu miezi mitatu. Katika barua zake alilalamika kwamba kuchora mwanga wa huko kungetaka rangi za almasi na vito. Nawaza: mtu wa miaka 43, mchoraji mzoefu, anaamka kila asubuhi kujifunza upya kuona jua. Hilo limenigusa kuliko uzuri wa picha yenyewe.

Maana mimi nimezaliwa kwenye jua. Nimekulia Pangani, chini ya mwembe wa uani, nikichambua mchicha na mama huku mchana ukiwaka kama tanuri. Nilipokuwa nimesimama pale nikajiuliza kivuli cha mwembe ule kina rangi gani. Nikafumba macho. Nayaona majani, naliona beseni, navisikia hata vikuku vya mama vikigongana. Kivuli kinakataa. Kila nikikiita kinakuja cheusi, na najua si kweli. Nimekikalia miaka kumi na nane, sijawahi kukitazama.

Nimerudi nyumbani na uchungu kidogo, si wa huzuni hasa, ni kama mtu aliyesahau jina la ndugu yake.

Nimetega simu iniamshe saa kumi alfajiri. Pangani itakuwa saa saba mchana. Nitampigia mama, nimwombe ashike kanga yake atoke uani, asimame chini ya mwembe, aangalie mchanga, kisha aniambie taratibu anaona nini.