Basi Ni Uzee

Mama mdogo alipiga simu Jumatano, saa nane kasoro usiku, ule wakati wake wa kuzunguka sebuleni kwa sababu ya miguu isiyotulia. "Wamenipima, mwanangu. Damu iko sawa. Basi ni uzee." Nikamuuliza wamepima nini. "Damu," akasema, na simu ikakatika. Harusi ya Salma imepita salama, zamu mpya zimetoka na mkuu wetu amehamishwa, lakini kichwani kwangu limebaki hilo tu: basi ni uzee.

Uzee gani? Wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho wanapata ugonjwa huu wa miguu isiyotulia, na wengi wao unawaacha wakishajifungua. Watoto pia wanaupata. Thomas Willis, tabibu wa Uingereza, aliwaeleza wagonjwa wa namna hii mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akauandika kwa kina mwaka 1945. Dalili za mama mdogo mnazijua, ndugu zangu, amezirudia mara nyingi: hamu isiyozuilika ya kuisogeza miguu, inayoanza akikaa au akijilaza, inayopungua akiinuka na kutembea, inayozidi jioni na usiku. Kinachobaki ni kuhakikisha si kitu kingine. Msuli uliokaza huuma na huwa mgumu ukiugusa. Miguu inayowaka moto kwa sababu ya neva zilizoharibiwa na kisukari haitulii eti kwa sababu mtu ametembea. Yeye akitembea anatulia, na akirudi kitandani inaanza upya.

Hilo la "damu iko sawa" ndilo linaloniudhi hasa. Nina hakika walipima hemoglobini. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu, inaonyesha chuma, yale madini ya mwilini, kilicho kazini. Feritini ndiyo inayoonyesha kilichobaki ghalani, na ghala linaweza kuwa karibu tupu huku hemoglobini ikisoma vizuri. Ubongo unahitaji chuma ili kutengeneza na kutumia ipasavyo dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, na kwa wagonjwa hawa chuma cha ubongoni huwa pungufu. Ndiyo maana kwao hatungoji upungufu wa damu. Mtu mzima mwenye feritini ya nanogramu 75 kwa mililita au chini yake, au ambaye transferini yake, protini inayosafirisha chuma katika damu, imejaa chuma chini ya asilimia 20 tu, anafikiriwa kupewa chuma. Karatasi ya maabara inaweza kuandika "kawaida" hata feritini ikiwa 20, na mgonjwa akarudishwa nyumbani na neno hilo.

Kipimo chenyewe kinataka utaratibu: asubuhi, kabla ya kula, bila kumeza vidonge vya chuma tangu siku moja kabla. Kisifanywe mtu akiwa na homa au maambukizi, kwa sababu feritini hupanda mwili ukipambana na maradhi hayo na kuficha upungufu.

Nilipofika hapa katika kuandika, hasira ikaanza kupungua, maana karibu yote haya yana la kufanya. Feritini ikiwa chini, kidonge chenye miligramu 65 za chuma halisi, mara moja kwa siku au siku moja baada ya nyingine, pamoja na vitamini C, mbali na chai, kahawa na maziwa kwa saa mbili hivi. Choo kitakuwa cheusi na huenda kikawa kigumu. Apimwe tena baada ya miezi mitatu. Asianze bila kipimo, kwani chuma kikizidi kinadhuru. Na kwa umri wake watafute chuma kinapotelea wapi. Huenda tumbo linavuja damu taratibu.

Halafu zile dawa za mafua anazomeza ili asinzie! Klorofeniramini na prometazini huichochea miguu zaidi. Metoklopramidi ya kichefuchefu pia, na amitriptilini ya sonona, ingawa dawa aliyoandikiwa asiiache bila kumwambia daktari.

Chuma kisipotosha, gabapentini, dawa ya kutuliza neva, sasa hutangulia pramipeksoli, dawa inayoiga dopamini. Pramipeksoli hutuliza haraka, lakini kwa miaka inaweza kugeuka: dalili zinaanza mapema mchana, zinapanda hadi mikononi, na kuongeza dozi kunazidi kuharibu.

Hata akilala, miguu huruka kila sekunde 20 hadi 40, usingizi unakatika bila yeye kujua. Usingizi wake mzuri ni wa kuelekea asubuhi, kwa hiyo mlio naye nyumbani msimwamshe mapema. Usiku akandwe, anyooshe mashavu ya miguu, aoge maji ya vuguvugu, na kahawa iishie asubuhi.

Kesho nitamwandikia kwa herufi kubwa, aonyeshe kwenye dirisha la maabara: NAOMBA FERITINI NA KIWANGO CHA CHUMA KWENYE TRANSFERINI.

Na Idi bado hajaniambia kama fomu ya shule ameipeleka. Mwisho ni Ijumaa.