Utando wa silikoni ulivyonitoa jasho, mpaka nilipoacha kuubandua peke yake

Mi nilikua najua kazi ni kumwaga na kuoka, kumbe balaa lote liko kwenye kubandua. Nilikua natengeneza chipu ya vifereji vyembamba kama unywele, na katikati nilitaka utando wa PDMS wa kama maikroni 60 hivi, ile silikoni ya Sylgard 184, ukiusukuma kwa hewa unabonyea unaziba kifereji, hiyo ndo vali yenyewe.

Mapovu hayakunisumbua, pampu ya vakyumu nilichukua Kariakoo ile ya mafundi friji na inapiga kazi fresh tu. Namwaga juu ya transparensi, ile karatasi ya plastiki angavu, nazungusha kwenye spina, mashine inayozungusha kasi mpaka silikoni isambae nyembamba, oveni nyuzi 80. Sasa njoo kwenye kubandua, nashika pembeni na kibano navuta taratibu, feni nimezima isilete vumbi, jasho linatiririka, utando unainuka kama ule wa juu ya maziwa alafu paap, umejikunja umejishika wenyewe, na silikoni ikishajishika hivyo sahau. Niliharibu tisa. Afu wa kwanza kabisa haukukauka, ulibaki tope, kisa glavu za latex, salfa yake inaua kichocheo cha platinamu kinachofanya silikoni igande.

Kaka mmoja wa maabara akaniangalia weee akasema, "Mdogo wangu, kwani nani kakwambia uubandue peke yake?"

Ujanja wake ni huu, na hauhitaji mashine ya plasma, ile ya kuunganishia silikoni, maana sisi hatuna. Kipande kinene, yaani mwili wa chipu, unachanganya silikoni 5 kwa hadina 1 (hadina ni ile dawa ya kuigandisha), utando 20 kwa 1. Kinene unakioka kishike umbo, utando unauoka nusunusu, ukigusa pembeni unanata ila hauachi uzi kwenye kidole. Unalaza kinene juu yake ukianzia upande mmoja hewa isinaswe, unarudisha oveni. Hadina iliyozidi huku inakutana na silikoni iliyozidi kule, vinaungana vinakua kitu kimoja. Usiku umeme ukakatika, asubuhi nakuta oveni imepoa, nikaongeza masaa mawili. Nikakata pembeni kwa wembe nikanyanyua, vyote vikaja pamoja, hata mkunjo hamna.

Nilipitisha maji ya rangi nyekundu, nikabonyeza bomba la sindano upande wa hewa, mstari wa maji mekundu ukakatika katikati, nikaachia ukarudi. Kati ya chipu tatu mbili zilikubali, ya tatu inavuja, kuna punje ya vumbi naiona kabisa imekaa pale kwenye maungio.