Nilivyomuuguza Popi hadi siku ya kumuaga

Dalili ya kwanza ilikuwa maji. Bakuli nililozoea kulijaza mara moja kwa siku likawa linakauka kabla ya adhuhuri, na Popi, mbwa wa miaka 13 ambaye hakuwahi kukojoa ndani tangu alipokuwa mdogo, akawa ananiamsha usiku wa manane nimfungulie mlango. Nikasema ni uzee. Wenye mbwa wazee wengi tunakosea hapo, kila kitu tunaubebesha uzee. Zikapita kama wiki sita. Alipoanza kutapika povu la njano asubuhi, na mifupa ya mgongo ikawa inahesabika, ndipo nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

Damu ilipopimwa, kreatinini na urea, taka ambazo figo huzichuja kutoka kwenye damu, zilikuwa juu sana. Figo. Daktari alinieleza kwamba kreatinini huchelewa kupanda. Hadi kipimo kinaiona, karibu robo tatu ya uwezo wa figo huwa umeshapotea, na haurudi. Popi alikuwa anakunywa sana kwa sababu figo zake hazikuweza tena kubakiza maji mwilini. Yaliyoingia yote yalitoka. "Hatutamponya, dada," aliniambia. "Tutamsaidia aishi vizuri kwa muda uliobaki."

Niliondoka na chakula maalumu chenye protini na fosforasi kidogo, dawa ya kuzuia kutapika, na mifuko ya dripu. Dripu ndiyo niliyoiogopa kuliko vyote. Kumbe haiingii kwenye mshipa, inaingia chini ya ngozi. Unaivuta ngozi ya katikati ya mabega mpaka inyanyuke kama hema, unaingiza sindano kwenye uwazi ule, unaacha maji yashuke. Pale panavimba nundu laini, halafu mwili unayanyonya taratibu kwa saa kadhaa. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka, sindano ikatokea upande wa pili wa ngozi, manyoya yakalowa chapachapa. Popi akageuka, akanilamba kidole. Mara ya nne nikawa nimeshajua: nauweka mfuko kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ili asishtuke kwa baridi, nakaa naye sakafuni, namsemesha. Nilimwekea dripu kila baada ya siku mbili, na katika ule ugonjwa wote saa hizo ndizo ninazozikumbuka kwa upendo.

Ilikuwa miezi mitano, na mitatu ya kwanza ilikuwa mizuri kweli. Alinenepa kidogo. Alirudia tabia yake ya kubeba soksi yangu na kuzunguka nayo nyumba nzima.

Suala lililonikosesha usingizi ni la lini nimwombe daktari amkatize maisha asiteseke zaidi. Nitajuaje siku imefika? Daktari alinionyesha kipimo cha Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani, chenye mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo unalipa alama 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35, maisha ya mnyama bado yanastahimilika. Ni kipimo kizuri, ila mjazaji akiwa mimi kilidanganywa. Siku aliyolamba kijiko mara mbili akageuza uso, niliandika 6 kwenye kula.

Ndipo nikamwomba mdogo wangu, niliyekuwa naishi naye, awe anaweka alama yake kwenye kalenda bila kuniuliza: mstari siku njema, msalaba siku mbaya. Nami nikaandika pembeni mambo matatu ambayo Popi alikuwa Popi kwa hayo: kunipokea mlangoni, kuota jua kwenye ngazi, na ile soksi. Mwezi wa tano soksi iliisha kwanza. Kisha vidonda vikamtoka mdomoni, pumzi ikanuka mkojo, ngazi zikamshinda. Jioni moja nilifungua mlango, akapiga mkia sakafuni mara moja tu, asiinue kichwa. Kalenda ilikuwa na misalaba sita mfululizo.

Hapo ilipasa nipige simu. Nilingoja siku nne zaidi, na siku hizo zilikuwa zangu, hazikuwa zake. Hakula kitu, na usiku alihamahama akitafuta pa kulala pasipouma. Hadi leo nikimuwaza, hizo siku nne ndizo zinazonichoma, wala uamuzi wenyewe haunichomi.

Daktari alikuja nyumbani. Alinieleza kila hatua kabla hajaianza, nami namshukuru kwa hilo: kwanza sindano ya usingizi, kisha dawa yenyewe, pentobabitali, kwa kiasi kinachozima ubongo kwanza, halafu pumzi, halafu moyo. Alinionya kwamba macho hayatafumba, na kwamba huenda mwili ukavuta pumzi moja mbili baadaye, ila Popi mwenyewe atakuwa hayupo tena. Nilimlaza kichwa pajani. Baada ya dakika chache akaanza kukoroma, ule mkoroma wake wa zamani ambao sikuwa nimeusikia kwa wiki kadhaa. Daktari alinyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akaupata mshipa. Nilikuwa namwambia jina lake tu, Popi, Popi. Daktari akaweka kifaa chake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

Mpwa wangu wa miaka saba alipouliza, nilimwambia amekufa. Sikutaka kusema amelala, akaja kuogopa kulala.

Wapo walioniambia ni mbwa tu. Sikubishana nao. Nilitafuta wawili waliowahi kuzika mbwa, nikalia kwao.

Kabatini ilibaki mifuko mitatu ya dripu ambayo haijafunguliwa. Ilinichukua mwezi kuigusa. Nilipoirudisha kwa daktari nilimkuta pale kijana mmoja na mbwa wake mzee, amepewa habari za figo muda huohuo, ameshika sindano na mikono inatetemeka. Daktari akanitazama. Nikapiga magoti kando ya yule mbwa, nikaivuta ngozi ya mabega, nikamwambia kijana, "Weka kidole chako hapa, uone inavyonyanyuka."