Mwalimu wa kinanda na miguu ya binti yangu
Jana alasiri niliketi kwenye benchi la nyuma la kanisa letu hapa Nairobi, nikimtazama mwalimu ambaye amepiga kinanda katika ibada zetu kwa zaidi ya miaka 30 akimwambia binti yangu avue viatu, ili miguu yake ijifunze kuzitambua pedali, yaani vibao vya besi vinavyokanyagwa kwa miguu, bila kuziangalia. Kwa nusu saa nzima hakumruhusu aguse kibodi. Alimtaka apige besi peke yake, polepole, huku akiimba sauti ya kwanza, na kila alipokosea walirudi mwanzo bila karipio.

Nilimkumbuka mpiga kinanda Marcel Dupré wa Ufaransa, aliyemfundisha mtunzi Olivier Messiaen katika chuo cha muziki cha Paris. Messiaen naye alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Sainte-Trinité tangu 1931 hadi alipofariki mwaka 1992, na kwa miongo kadhaa akawafundisha vijana katika chuo kilekile alichosomea. Wengi humsifu kwa tungo zake. Kwangu mimi, kazi yake ya darasani ina uzito uleule.

Tulipotoka, binti yangu aliniomba tufike mapema zaidi Jumamosi ijayo.