Vibao vya kioo

Watu bado wanatukanana mitandaoni kwa sababu ya zile tuzo za filamu za hapa mjini, na mimi niliyekuwa nyuma ya pazia na mkoba wangu wa poda nimenyamaza hadi leo. Jina la tuzo silitaji. Aliyekuwepo anajua, asiyekuwepo hakukosa kitu.

Kura zilipigwa kwa simu, kwa kulipia, na ukitaka kupiga mara mia hakuna wa kukuzuia. Mpwa wangu, aliyeigiza kijisehemu tu, aliwasumbua watu kuanzia Kibokoni hadi ng'ambo ya Likoni: "Anti, nipigie kura, ni shilingi kumi tu." Tukampigia. Hilo sikuliona baya sana, harambee tumeizoea. Kilichonikera kilikuwa juu ya meza ya nyuma, karibu na sambusa zilizokwisha kupoa. Nilifunua kitambaa nikitafuta mahali pa kuweka brashi zangu, nikavikuta vibao vya tuzo, vya kioo, vimepangwa safu. Majina yameshachongwa, herufi safi kabisa. Na kule mbele mshereheshaji anapaza sauti: "Kura bado zi wazi jamani, dakika kumi zimebaki!" Watu ukumbini wakatoa simu, wakatuma pesa.

Nikakifunika kitambaa, nikaendelea kumpaka mtu wanja.

Siri ilivuja bila mimi. Kuna aliyepiga picha. Asubuhi yake kila kundi la WhatsApp lilikuwa nayo. Waandaaji wakatoa taarifa ya hitilafu ya mitambo, na sijaelewa hadi sasa ni mtambo gani uliochonga majina. Ami mmoja wa mtaani kwetu akaandika kwamba kwa wazungu mambo haya hayatokei.

Ami, hutokea. Mwaka 1982 Golden Globe, tuzo kubwa ya filamu kule Marekani, ile ya msanii mpya, ilikwenda kwa mwigizaji Pia Zadora, kwa filamu ambayo watu wengi walikuwa hawajapata hata kuiona. Mumewe, tajiri Meshulam Riklis, alikuwa amewasafirisha wapiga kura hadi Las Vegas na kuwakirimu. Kelele zilipozidi, runinga ya CBS ikaacha kuzionyesha tuzo hizo. Halafu tazama nani aliyebaki na aibu. Waliokula wakarudi makwao. Zadora akapewa na tuzo ya kejeli ya mwigizaji mbovu kwa filamu ileile, na mzaha huo ukamfuata miaka na miaka.

Ndiyo maana namwonea huruma binti aliyeshinda hapa kwetu. Yule mtoto anaweza, wallahi. Nimempaka rangi mara nyingi, namjua anavyobadilika uso kamera ikiwashwa tu. Huenda angeshinda kwa haki, lakini sasa hatajua, nasi hatutajua. Matusi yote yameangukia ukurasa wake. Waandaaji hawana hata picha pale mtandaoni ya mtu kuitukania.

Wale wa Golden Globe hawakukoma. Februari 2021 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba chama cha waandishi waliopiga kura kilikuwa na wanachama 87 na hakuna hata mmoja mweusi. Likaeleza pia safari ya 2019: zaidi ya thelathini kati yao walipelekwa Ufaransa kutazama tamthilia ya runinga Emily in Paris ikitengenezwa, wakalazwa hoteli ya nyota tano. Tamthilia hiyo ikapata kuteuliwa mara mbili, hata mmoja wa waandishi wake mwenyewe akashangaa hadharani. Mtu akikulaza mahali kama pale hana haja ya kukuomba kura. Mambo ya takrima haya, kuwakirimu wapiga kura, ambayo Tanzania sheria ya uchaguzi iliyaruhusu hadi Mahakama Kuu ilipoyakataa mwaka 2006.

Mei 2021 mwigizaji Tom Cruise akarudisha sanamu zake tatu za tuzo hizo kwa kupinga hayo, lakini sidhani hilo ndilo lililowatoa jasho. Runinga ya NBC, iliyokuwa ikizionyesha, ilisema haitaonyesha sherehe za 2022. Januari mwaka huo washindi wakatangazwa bila runinga, bila zulia jekundu, bila mastaa, majina yakirushwa mtandaoni tu. Chama chenyewe kilivunjwa 2023, tuzo zikauzwa kwa kampuni. Kumbe hata 1968 NBC ilikuwa imewahi kujitoa, baada ya mamlaka ya utangazaji ya Marekani kulalamika kwamba watazamaji wanapotoshwa kuhusu namna washindi wanavyopatikana. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakinong'ona, na kilichowashtua ni pesa kukatika.

Sisi hapa hatuna runinga ya kujitoa. Wanaolipa ni mashangazi, shilingi kumi kumi. Nilimwambia mpwa wangu mwakani asinitumie ule ujumbe wake, akanuna. "Sasa anti, wenzangu wakipigiwa na mimi nisipigiwe?" Sikuwa na la kumjibu, nikamwongezea chai.

Shoga yangu wa mavazi ananiuliza kama nitakwenda wakiniita tena. Nimemwambia kwanza wanilipe za mwaka huu. Jumatatu naenda ofisini kwao, na nikiambiwa mhasibu hayupo, nitakaa palepale kwenye benchi mpaka arudi.