Saa 16 za Mwanga: Siku Yangu Katika Banda la Kuku wa Mayai

Saa 10 kasoro dakika 10 alfajiri huwa nimeshafika mlangoni mwa banda, nikiwa na tochi ambayo siiwashi. Nasubiri mlio mdogo wa taima kutoka kwenye kisanduku cha ukutani, kisha balbu ziwake. Leo saa 10 imefika na kupita, giza limebaki vilevile. Nilipofungua kisanduku nilikuta taima inasoma saa 8 na nusu: umeme ulikatika usiku, na taima ya aina hii husimama umeme ukikatika, ukirudi huendelea pale ilipoachia. Niliizungusha hadi saa sahihi, balbu zikawaka, na kabla sijafunga kisanduku nikasikia midomo ikigonga kingo za vyombo vya maji. Nilikuwa nimechelewa dakika 12.

Wasioifahamu kazi hii hucheka nikihesabu dakika. Mwanga humfikia kuku si kwa macho tu, bali sehemu yake hupenya fuvu hadi ndani ya ubongo, na huko ndiko inakotolewa amri ya homoni zinazokomaza viini. Kuku anayetaga huhitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, nasi tumechagua 16, kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 2 usiku. Dakika 12 za siku moja hazimdhuru. Kinachomwangusha ni mwanga unaopungua siku baada ya siku, kwa sababu mwili wake huelewa kwamba msimu wa kutaga umekwisha, akasimamisha mayai na kuanza kunyonyoka manyoya.

Kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi nilizima taa baada ya jua kupanda, nikalisha, nikasafisha vyombo vya maji na kuokota mayai mara mbili. Nilifuta pia balbu kwa kitambaa kikavu, kazi ambayo haionekani lakini huamua mengi, maana vumbi la maranda hugandamana kwenye kioo na kuufifisha mwanga bila mtu kutambua. Kipimo changu ni gazeti: nikichuchumaa usiku hadi usawa wa kichwa cha kuku nikaweza kulisoma, mwanga unatosha. Ukizidi sana kuku huanza kudonoana.

Saa 5 alifika mama mmoja ambaye huchukua trei 10 kila wiki, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipopotelea. Alizihesabu trei mara tatu, akageuza mayai ya safu za juu moja moja, kisha akavunja moja kwenye kisahani alichokuja nacho na kuniuliza kwa nini kiini kimepauka. Kabla sijajibu alijijibu mwenyewe: “Ni hizo taa zenu, mwanangu. Mnawanyima kuku usingizi, mnawalazimisha watage mara mbili kwa siku, halafu mnatuuzia sisi.” Nilimweleza, kwa sauti niliyojitahidi kuituliza, kwamba rangi ya kiini hutokana na chakula, na kwamba mahindi ya njano na majani mabichi yakipungua kiini hupauka hata kuku akishinda juani. Kuhusu kutaga mara mbili, nilimwambia kwamba yai moja huchukua takriban saa 24 hadi 26 kukamilika ndani ya kuku, na karibu 20 kati ya hizo hutumika kujenga ganda peke yake, kwa hiyo hakuna balbu ya kumharakisha. Taa humzuia tu asipumzike kutaga msimu mzima. Alisikiliza huku akikitikisa kisahani, akasema nimefundishwa vizuri kujitetea, kisha akarudia hoja ya usingizi kwa maneno mengine. Nikamjibu kwamba kuku hupata saa 8 kamili za giza kila usiku, na mimi ndiye ninayelala 5. Hakucheka. Ikanibidi nimpeleke mlangoni achungulie: wengi walikuwa wakichakura maranda, wawili wamejilaza kwenye mwale wa jua, kila mmoja amenyoosha bawa moja, na taa zote zimezimwa. “Kumbe mchana hamwashi,” alisema, kana kwamba nilimficha. Alichukua trei 9, akaniachia ile aliyoichomolea yai.

Mchana ulikwenda kwenye banda la mitetea, ambao hawapewi taa hata kidogo, ingawa mwenye mradi huniuliza kila wiki kwa nini tusiwaanze mapema. Mtetea akisukumwa na mwanga kabla mwili haujakomaa hutaga mayai madogo, na njia ya mayai inaweza kutokeza nje. Nimewahi kuliona hilo. Sitaki kuliona tena.

Sikumbuki vizuri nilikula saa ngapi. Nakumbuka kwamba jua lilipoanza kuzama niliwasha taa, na kwamba saa 2 kasoro dakika 20 nilizima balbu kubwa, nikaiacha ndogo ya pembeni ili kuku wapate muda wa kupanda kwenye fito za kulalia, kwa kuwa giza likiwashukia ghafla hubaki wametawanyika chini. Nilipitia taima mara ya pili na ya tatu. Ile balbu ndogo ilipozimika, kuku mmoja alikuwa bado sakafuni, anageuzageuza shingo. Nilimpapasa gizani, nikambeba na kumpandisha kwenye ufito, akajisogeza katikati ya wenzake.