Babu na uwanja wake wa ndege

Jana jioni kitinda mimba wangu kaniwekea simu usoni kabisa, video ya Maldives, kandege keupe kanashuka baharini karibu na vile vibanda vya watalii, maji yanaruka pande zote. "Baba, imeanguka?" Nikamwambia haijaanguka, imetua. Akaniangalia vilevile anavyoniangalia nikimwambia mchunga ni mtamu. Basi hapohapo nikamkumbuka babu wa Lindi, na wali wangu ukapoa.

Likizo ya Desemba 1988. Mimi darasa la tano, nimetoka Dar na ujuaji wangu wote, safari yenyewe ya kuvuka Rufiji kwa pantoni sitaki hata kuielezea. Siku ya tatu babu akaniambia, "Mjukuu, kesho alfajiri nakupeleka uwanja wa ndege niliofanyia kazi." Usiku sikulala. Nilijua ni Kikwetu, ule uwanja wa nchi kavu wa Lindi, kwa hiyo nikavaa viatu vya shule na soksi zangu nyeupe, bibi akanitazama akacheka, "Mume wangu unakwenda kuposa wapi?" Babu hakusema kitu. Tukatoka, badala ya kupanda juu barabarani tukateremka pwani, akasukuma mtumbwi, akaniambia panda. Soksi zikalowa kabla sijafika ndani.

Tukapiga kafi mpaka nyumba za mjini zikawa ndogo na minazi ya Kitunda upande wa pili inaonekana mmojammoja. Kaskazi ilikuwa haijaanza kuvuma sawasawa, upepo hakuna kabisa, yaani hata kajani hakatikisiki. Babu akaacha kupiga kafi, akalilaza mapajani. "Haya, tumefika."

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Maji. "Uwanja uko wapi babu?"

"Umeukalia."

Nikacheka, tena nikacheka sana. Yeye akangoja nimalize, akaniambia tazama chini. Nikainama. Bwana wee. Bahari ilikuwa haipo. Kulikuwa na wingu chini ya mtumbwi, wingu zima na kingo zake, na sura yangu katikati yake, na nilivyokodoa macho nitafute maji yanaanzia wapi sikupaona, kichwa kikaanza kuzunguka nikashika ukingo kwa mikono miwili. Babu akasema kwa sauti ya chini kama anaogopa kuyashtua, "Maji yakilala namna hii rubani naye anaona hivyohivyo unavyoona wewe. Hajui yako mbali au yako karibu." Kisha akanyanyua kafi akalipiga majini, pa! Wingu likavunjika vipandevipande, na ghafla bahari ikarudi, nikaiona iko hapo chini, shibiri moja tu kutoka kidevuni kwangu.

"Hiyo ndo ilikuwa kazi yangu," akasema. "Kuyaamsha."

Alikuwa kijana wa motaboti. Asubuhi ya ndege walikuwa wanazunguka ghubani kufukuza mitumbwi ya wavuvi na kuokota magogo, na siku ya shwari kama ile wanakata maji kwa kasi huku na huku ili pawe na viwimbi. Afu ndo inakuja, injini nne, mabawa mita 35 kutoka ncha hadi ncha, tumbo lake lina mkuku kama jahazi, inapasua maji mpaka inatulia na kwenda kufungwa kwenye boya. Aliongea mengi siku ile. Alisema barua zinakaa ghorofani juu na wazungu wanakaa chini. Alisema moja ilipotea Kongo ikatua mtoni ikapasuka, wakaziba mto mpaka ukawa ziwa ndo ikaruka. Hapo nikajua kabisa mzee ananifunga kamba.

Alasiri pale barazani wazee wanakunywa kahawa, mmoja akaniuliza babu kanipeleka wapi. Nikajibu kwa sauti, kila mtu asikie: "Kanionyesha alipokuwa anafanya kazi ya kuchafua maji ili ndege itue!" Kuna mzee kahawa ilimtoka puani. Jina likaanzia hapo, Mchafua Maji, na mpaka siku ya maziko kuna mtu mmoja alilitaja kwa bahati mbaya akajishika mdomo. Babu pale barazani alicheka pia, au niseme alionyesha meno. Habari za ndege sikumsikia nazo tena, na mtumbwini hakunipeleka tena, kila nikiomba maji yamejaa au maji yametoka.

Nimeshapita thelathini ndo nikakutana na mambo yenyewe. Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, 1937, ndege za maji zilizotengenezwa na kampuni ya Short zinatoka Southampton, Uingereza, zinafuata Nile, Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar, LINDI, zinaendelea Msumbiji mpaka Durban. Lindi imeandikwa kabisa kwenye ratiba. Ile ya Kongo nayo kweli tupu, iliitwa Corsair, ilitua mto Dungu Machi 1939 ikagonga mwamba, bwawa likajengwa, ikaondoka Januari 1940. Na maji ya kioo mpaka leo marubani wa ndege za maji wanafundishwa namna ya kutua juu yake, maana mtu anaweza kudhani bado yuko juu kumbe ameshafika, au akadhani amefika akapunguza mwendo akiwa bado yuko juu. Vita vilipoisha viwanja vya lami vilikuwa vimezagaa kila mahali, na 1950 BOAC, shirika lililorithi Imperial Airways, wakaachana na ndege za maji. Zile alizozipokea babu haikubaki hata moja duniani ya kwenda kuishika.

Nikamsimulia mwanangu yote haya, akasikiliza vizuri, na akataka kujua kafi liko wapi (mjomba alilifanya kuni, tuyaache). Kisha akauliza, "Sa baba, kama alikuwa anasema kweli, ulimcheka ya nini?"

Nikamwambia amalize kula, kesho shule.